Upande wa Kushoto wa Madaha

Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia karakana na kumwagia maji kizingiti ili vumbi litulie, Fundi alilishusha tandiko la Madaha kutoka juu ya kabati, akalipangusa, akalikata kwa kisu. Hakulia. Mkunga alikuwa ameagiza ukanda wa shingoni kwa ajili ya mbwa wake, ngozi ya kawaida ilikuwa imekwisha, na tandiko lilikuwa limekaa juu ya kabati miaka yote hiyo kama mgeni asiyejua kuaga.

Alilishona mwenyewe, enzi ambazo karakana yake ilitengeneza matandiko na hatamu, na wapanda farasi walikuwa wakingoja zamu yao nje kama wagonjwa. Fundi hakuwa mtu wa kujishusha na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. "Ngozi itaoza, farasi atakufa, na mimi nitakufa," alipenda kusema. "Mshono wangu utabaki hapa unauliza tumekwenda wapi."

Tandiko lile alilipimia mgongoni mwa Madaha, farasi jike wa rangi ya hudhurungi mwenye shingo ndefu, na halikumkaa farasi mwingine yeyote. Madaha alipokufa kwa uzee, mwenye farasi, ambaye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa klabu ya wapanda farasi, hakuja kulichukua. Baadaye klabu ikafa nayo. Farasi wakauzwa mbali, mabanda yakabomolewa, pakawa maegesho ya magari. Wapanda farasi wote wa mji wakahamia kwa mbwa, maana walikuwa watu wa kupenda na hawakuweza kukaa hivihivi. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuwa na farasi unamjua anavyoshika kamba ya mbwa. Anaishika kwa mikono miwili, viwiko vimebana mbavuni, mgongo umenyooka, na mbwa akikaidi utamsikia akisema, "Hooo, taratibu."

Mume wa Fundi ndiye aliyekuwa mtunzaji wa Madaha. Mji mzima ulimwita Jicho. Jina hilo lilianza jioni ambayo Mwenyekiti alirudi kutoka matembezini, akamwingiza farasi bandani kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mtunzaji alipoingia, jicho la kushoto la Madaha lilikuwa limepasuka. Mwenyekiti akasema ni ndoano ya ukutani, ambayo mtunzaji alipaswa kuing'oa. Mtunzaji akasema ukuta ule hauna ndoano. Alisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa hakupiga kelele watu wakaona hana uhakika. Hawakumfukuza, kwa sababu Madaha aligoma kula mkononi mwa mtu mwingine. Walimbandika jina tu. Sasa wengi waliomwita Jicho hawakujua tena lilikotoka, na waliokumbuka walisema ndiye aliyemtoboa jicho farasi. Fundi alitaka jambo moja kabla hajaingia kaburini: Mwenyekiti aseme mbele za watu kwamba si mumewe.

Mbwa wa mkunga alikuwa na miguu mifupi na tumbo lililokaribia kufagia sakafu. Fundi alimfunga ukanda, akakaza bizimu, akarudi nyuma kutazama kazi yake. Mbwa akainamisha shingo, akanyanyua mguu wa mbele juu, akautua polepole, akanyanyua wa pili, akaenda hivyo hadi mlangoni na kurudi.

"Huyu leo anatembea kwa madaha," mkunga alisema.

"Ndiye," mume wa Fundi alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Angalia mguu wa nyuma wa kulia, anauvuta kidogo. Ndiye mwenyewe."

Mkunga akaangalia mguu. Katika kazi yake alikuwa amepokea wageni wengi duniani, na hakuwa na tabia ya kuwauliza wametoka wapi.

"Shemeji, alikuwa anapenda karoti?"

"Zilizooshwa."

"Basi nipitie sokoni," mkunga alisema, akaondoka na mbwa wake, viwiko vimebana mbavuni.

Habari zikaenea, na wiki iliyofuata karakana haikupitika. Mbwa wa mfamasia, baada ya kufungwa ukanda uliokatwa kwenye kikalio cha tandiko, akawa analala amesimama, na akisikia ndoo inagongwa anaamka. Mfamasia alilia pale pale dukani mwake, mbele ya wateja, kwa furaha, akajifuta machozi kwa mfuko wa karatasi wa dawa. Mbwa wa mwalimu mstaafu alikwenda kila jioni kwenye maegesho ya magari, akasimama mahali palipokuwa na lango la mabanda, asisogee. Mlinzi wa maegesho alibishana naye siku chache za mwanzo. Mwishowe akachoka, akawa anamfungulia lango lisilokuwepo, mbwa anapita, naye analifunga.

Fundi alivimba kichwa, na hakuficha. Aliwaambia wateja kwamba mafundi wengine hushona ngozi, yeye alishona farasi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kila mbwa aliyevaa ukanda ule, akiitwa kutoka kushoto, aligeuza shingo yote mpaka amwone mtu kwa jicho la kulia. Daktari wa mifugo aliwamulika kwa tochi mmoja baada ya mwingine. "Macho ni mazima," alisema. "Ni kwamba la kushoto hawalitumii." Hakuandika dawa. Aliuliza kama kimebaki kipande kinachomtosha mbwa wake.

Wenye mbwa wakaanza kuwaleta kwa mume wa Fundi awapige brashi, maana walikumbuka hakuna mkono kama wake. "Jicho, hebu mtazame miguu," walimwambia. "Jicho, leo hataki kula." Naye akaitoa kabatini brashi ile ile ya zamani na kuwasugua mpaka wakang'aa. Jumapili aliwachukua wote uwanjani, na akatembea kushoto kwao, kama alivyotembea na Madaha miaka yake yote ya mwisho. Farasi asiyeona upande mmoja huogopa upande huo, kwa hiyo upande huo alikaa yeye. Fundi alimtazama kutoka kwenye benchi na moyo wake ukajaa. Alikuwa ameolewa na mwanamume yule tangu ana nywele nyeusi, na bado, mumewe akipita, alimgusa kwa kiwiko mtu aliyekaa kando yake na kusema, "Wangu huyo."

Siku moja mwalimu mstaafu alipokuja kuongezewa tundu la ukanda, Fundi alimwonyesha ukuta wa karakana, paliponing'inia misharasi ya kutobolea ngozi, visu na koleo.

"Mwalimu, unaziona ndoano hizi?"

"Naziona."

"Na mbwa wako yuko wapi?"

"Amelala chini yake."

"Ameshtuka?"

"Anakoroma."

Mwalimu akazitazama ndoano, akamtazama mbwa, akavitazama viatu vyake kwa muda mrefu kuliko viatu vilivyostahili. "Fundi," alisema hatimaye, "kazi yako haina mpinzani." Akamwamsha mbwa wake wakaenda zao.

Mwenyekiti alikuja wa mwisho. Watu waliendelea kumwita hivyo ingawa hapakuwa na klabu wala kiti. Alikuwa na mbwa mrefu, mzee, mwembamba, ambaye alimpikia kwa mkono wake na kumbeba ngazini kila asubuhi. Mtu apewe haki yake: alimpenda mbwa yule kweli kweli. Aliingia na fimbo yake ya kutembelea katika mkono wa kushoto, kwa sababu alikuwa mtu wa shoto tangu utoto.

"Fundi, nimesikia."

"Kila mtu amesikia, Mwenyekiti."

"Kimebaki chochote?"

"Ubavu wa kushoto."

Akaishika ngozi ile, akaipapasa mahali goti lake lilipokuwa limeacha alama. Macho yakamlowa. "Nilimpenda yule farasi," alisema, na Fundi alijua hasemi uongo.

"Najua. Basi sema nani alimharibu jicho."

"Hayo mambo ya zamani, Fundi. Wewe nishonee ukanda."

Fundi aliweka kisu mezani. Angeweza kumwambia ngozi haitoshi, na hakuna ambaye angempinga. Alimgeukia mumewe, aliyekuwa anang'oa unywele kwenye brashi.

"Mshonee," mumewe alisema. "Madaha alikuwa akimlilia kila akisikia gari lake. Hata baada ya siku ile."

Fundi akashona. Alipaka uzi nta mara mbili, akapiga mshono uliobana kuliko yote aliyowahi kupiga, kwa sababu kazi mbovu isingetoka mlangoni mwake hata kwa mtu yule. Alipomaliza aliona ni ukanda mzuri mno, na iliuma kidogo kumpa.

Jumapili hiyo Mwenyekiti alifika uwanjani na mbwa wake akitembea kwa madaha kupita wote. Watu walikuwa wamejaa. Mkunga akampungia, naye, kwa adabu, akainua fimbo kumsalimu. Mbwa wote uwanjani, wa mkunga, wa mfamasia, wa mwalimu, wa daktari, wakafumba jicho la kushoto kwa pamoja na kurusha kichwa upande wa kulia. Mbwa wa Mwenyekiti alifanya vivyo hivyo, akapiga magoti. Mwenyekiti akashusha fimbo. Mbwa wakafumbua macho.

Mkono ulikuwa bado hewani nusu. Akaupandisha tena, labda kurekebisha kofia. Wakafumba tena.

Uwanja mzima uliona. Hakuna aliyekuwa kipofu pale, na hakuna aliyehitaji kuelezwa fimbo hufanana na nini ikiwa mikononi mwa mtu aliyeko juu ya farasi. Fundi alisimama kutoka kwenye benchi. Alingoja mtu mmoja tu afungue kinywa.

"Vumbi," mkunga alisema. "Linaingia machoni." Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na uwanja ulikuwa matope matupu.

"Vumbi baya kweli," mfamasia aliitikia.

Fundi akakaa. Mumewe alikuwa amekwisha kumwinua mbwa wa Mwenyekiti kutoka kwenye matope na alikuwa anamfuta magoti.

Siku chache baadaye Mwenyekiti alirudi karakanani.

"Tangu avae ukanda hanijii upande wa kushoto," alisema. "Nikimpa chakula kwa mkono huo anatetemeka. Mbwa niliyemlea mimi. Huwezi kuhamisha bizimu?"

"Naweza. Haitasaidia."

"Najua."

"Basi mvue."

"Siwezi. Ukimwona anavyoingia sebuleni..." Akaugusa ukanda wa mbwa. "Ni yeye, Fundi. Nimempata tena."

Fundi alimwonea huruma, na alichukia kumwonea huruma. "Sema maneno hayo mbele za watu," alimwambia. "Si mengi. Pengine ataanza kukujia."

Mwenyekiti alifikiri. Alionekana ni mtu anayefikiri kwa dhati. "Watu wamekwisha kuzoea," alisema mwishowe. Akaondoka, mbwa wake akimfuata kulia kwake.

Jumapili iliyofuata alikuja uwanjani mama mmoja mgeni, aliyehamia mjini karibuni, na mbwa wake mdogo asiye na ukanda wowote. Alikaa benchi moja na Fundi. Mume wa Fundi alipiga ulimi, na mbwa wote wa mtaa wakajikusanya, wafupi mbele, warefu nyuma, wakaanza kuuzunguka uwanja kwa mwendo mmoja. Ukifumba macho ulisikia kwato nne. Mume wa Fundi alitembea kushoto kwao, mkono juu ya bega la mbwa mrefu wa Mwenyekiti, akimwambia penye dimbwi na penye jiwe.

"Yule mzee ni nani?" mgeni aliuliza.

"Wanamwita Jicho."

Mgeni alimtazama akipita, akiwaongoza kwa upande wasioutumia. "Eh, jina limempata," alisema. "Amekuwa jicho lao."

Miaka yote hiyo Fundi hakuwahi kulisikia jina lile likitamkwa vile. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha.

"Hapana, mama," Mwenyekiti alisema nyuma yao, kwa upole, kama mwenyeji anayemwelekeza mgeni njia. "Alimtoboa jicho farasi wangu. Ndoano." Akamnyooshea mzee yule fimbo.

Mbwa wote wakafumba jicho la kushoto.

"Aa, kumbe," mgeni alisema.

"Ndivyo ilivyokuwa," mkunga alisema, na mfamasia akatikisa kichwa kukubali, na daktari, na mwalimu pia, huku akiangalia viatu vyake.

Mume wa Fundi alisikia, maana masikio yake yalikuwa mazima. Hakugeuka. Alingoja fimbo ishuke na mbwa wafumbue macho, akampapasa mbwa mrefu shingoni, akapiga ulimi. Wakaendelea na mzunguko, yeye kushoto kwao, kichwa juu.

"Wangu huyo," Fundi alimwambia mgeni, akamgusa kwa kiwiko.