Midoli ya Siku ya Wageni

Mtu akikuonea wewe, unaweza kumsamehe Jumapili kanisani. Akimwonea mwanao, hata sala huingia nyongo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Odeta, mwanika dagaa wa kijiji kimoja cha ziwani, tangu jioni alipomwogesha binti yake Precious, mwenye miaka minne, akakuta alama nyekundu imezunguka kifundo cha mguu.

"Mwalimu Winnie anatufunga kwenye meza," mtoto alisema, "tusiende ziwani."

Winnie alifundisha katika kituo cha kulelea watoto ambacho wanakijiji walikijenga wenyewe, kina mama wakisomba mawe kichwani. Odeta akaenda kwa Mzee Mashimba, mwenyekiti wa kamati na mjomba wa Winnie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia habari yako." Akacheka. "Ndama anafungwa, Mama Precious, asimfuate mama yake malishoni. Kwani nani anamchukia ndama?"

Odeta akaondoka. Mdharau mwiba mguu huota tende, na yeye alikusudia kuwa mwiba. Hakugombana na mtu. Winnie akadhani amenywea, akaendelea kumsalimia kwa tabasamu lile la mtu mwenye mjomba.

Siku ya wageni kutoka wilayani, zamu ya kupika uji ilikuwa ya Tereza, jirani yake. Odeta aliiomba, akafika alfajiri. Winnie alifungua stoo, akatoa midoli ambayo watoto waliiona wageni wakija tu, akaipanga mkekani. Alipoingia ndani kuvaa kitenge kipya, Odeta alivichomoa vipande vya kanga vya kufungia watoto, ambavyo Precious alimwambia hufichwa nyuma ya pipa la maji, akavilaza katikati ya midoli. Kisha akarudi kukoroga uji, na raha aliyokuwa nayo moyoni haikuwa ya Kikristo hata kidogo.

Mgeni mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, alisema nyimbo za kukaribisha wageni amezichoka.

"Chezeni kituo," aliwaambia watoto. "Ninyi muwe walimu, midoli iwe watoto."

Hawakuambiwa mara mbili. Kila mmoja alinyakua mdoli na kitambaa. Punde midoli sita ilikuwa imefungwa kwenye miguu ya meza, yote kwa fundo la aina moja. Mzee Mashimba akatazama paa. Mgeni akavua miwani, akamgeukia Winnie.

Odeta alisimama mlangoni na mwiko wake, akiionja ile aibu kama asali. Ndipo Precious, aliyemaliza kufunga wa kwake, akamnyooshea mdoli kidole.

"Ukilia, mama yako harudi."

Hilo Odeta hakulijua. Miezi minane alikuwa amewatambia wenzake mwaloni, wanakoanika dagaa, kwamba mtoto wake halii akiachwa kituoni. Mwiko ulimtoka mkononi.

Kabla gari la wageni halijaondoka, Winnie alikuwa ameshaachishwa kazi. Alipokuwa akifungasha vitu vyake, Odeta alimletea vile vitambaa, amevikunja vizuri.

"Umesahau vyako."

"Nisamehe, Mama Precious."

"Kamwombe Precious. Umemfundisha kunyamaza, basi subiri uone kama atakujibu."