Ufunguo wa Sauti ya Ruben

Kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, Biira alibuni njia ya kufunga ujumbe kwa sauti. Kompyuta ilipima kupanda na kushuka kwa sauti iliyorekodiwa, ikaigeuza kuwa namba, na namba hizo zikavuruga herufi zote. Asiyekuwa na rekodi ileile aliona takataka tu. Kila ujumbe ulipofunguliwa, rekodi ilisikika kwanza.

Aliyoichagua ilikuwa ya kaka yake Ruben, mwendesha boda boda aliyekufa ajalini njia ya Kisinga. Ruben alikuwa amemtumia kwa simu siku moja ya mvua: "Biira, fungulia mimi mulango. Niko nalowana."

Wikiendi moja, akiwa amerudi nyumbani Bwera kutoka shule ya bweni, Biira alikuwa chumbani akijaribisha mradi wake. Akamsikia mama yao, Sophie, akiitika kutoka jikoni: "Niko nakuya, mwanangu!"

Alipotoka alimkuta mama kizingitini, mlango wazi, akitazama njia tupu.

"Mama, ni kompyuta ile."

"Najua," mama alisema. Hakuufunga mlango.

Tangu hapo Biira alisikiliza kwa spika za masikioni. Hata hivyo, aliporudi tena kutoka shuleni, mama alimwambia polepole, "Jana aliita tena. Bado iko analowana."

Jana kompyuta ilikuwa Kasese, imefungiwa kabatini shuleni; alikuwa ameileta leo tu.

"Mama, nataka kuifuta ile sauti. Ila kilichofungwa nayo hakitafunguka tena. Hata mimi sitaweza."

Mama akasema, "Basi niachie hiyo mashini. Iko neno sikumwambia."

Biira alimwonyesha pa kubonyeza, akatoka nje. Dirishani alimwona akiandika kwa kidole kimoja huku akilia. Aliporudi, herufi zilikuwa zimeshavurugika.

"Futa," mama alisema.

Akafuta, kwenye kompyuta na kwenye simu.

Siku ya maonyesho, Mwalimu Munirah, aliyekuwa jaji, aliomba ujumbe wa mama, uliokuwa pekee kwenye kompyuta, ufunguliwe.

"Haufunguki, mwalimu. Ufunguo haupo tena."

"Sasa nitajuaje kwamba kuna kitu ndani?"

Tuzo ilikwenda kwa wengine. Jioni alipiga simu nyumbani.

"Mama, anaita bado?"

"Hapana. Iko kimya." Mama akavuta pumzi. "We unaikumbuka sauti yake?"

Biira alijaribu. Maneno yalikuja yote, lakini yalikuja kwa sauti ya Biira mwenyewe.