Mabaki ya Dawa ya Kupe

Kila Jumamosi Kailemia huwanyunyizia ng'ombe wake dawa ya kupe, na Jumamosi hiyo dawa ilibaki kidogo ndani ya bomba. Kwa mkulima wa Kibirichia, kumwaga kitu kilichotoka dukani ni kama dhambi. Akamwita mbwa wao, Meja, akamshika shingo, akammiminia yote mgongoni.

"Hata wewe una kupe," akamwambia, kisha akaenda kunywa chai.

Hiyo chai haikuisha. Mkewe, Kathambi, alikuwa nyuma ya nyumba akichagua waru za mbegu, viazi vya kupanda, alipomwona mbwa akija kwake upande upande kama mlevi. Mgongo ulinuka dawa ya kupe, na mate yalimchuruzika kama povu la sabuni. Mapaja yakatetemeka, miguu ya nyuma ikakataa kazi, akaanguka juu ya waru.

Meja alikuwa mbwa wa Mutwiri. Mutwiri, kifungua mimba wao, alimleta nyumbani kwa pikipiki akiwa mdogo kama kiatu, kichwa kikichungulia kwenye jaketi. Pikipiki hiyo hiyo ndiyo iliyomuua Mutwiri mwaka jana. Tangu mazishi, watu waliacha kumwita Kathambi Mama Mutwiri. Walimwita Mama Linda, kwa jina la binti yake mdogo, eti wasimtoneshe kidonda. Kailemia naye alilifukia jina pamoja na mwenye jina. Katika boma lote ni Meja peke yake aliyekuwa bado akienda langoni kila jioni kumngoja kijana.

Kelele zilimleta jirani, mzee Kiambi, kisu mkononi.

"Huyu ni wa kukatwa sikio," akasema. "Damu mbaya itoke. Na maziwa, Mama Linda. Leta maziwa tummiminie mdomoni."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Mbwa hangojewi."

Kathambi alikuwa ameshapanda juu ya rundo la waru, mahali mtandao hushika, na simu iko sikioni. Alimpigia Beth, daktari wa mifugo aliyewahi kuja kumzalisha ng'ombe wao. Beth ni mtu wa Embu, lakini kliniki yake iko Meru mjini, nyuma ya Majengo. Ni mbali hata kwa mwenye gari, sembuse asiye nalo.

"Daktari, mbwa amemwagiwa dawa ya ng'ombe. Anatetemeka."

"Dawa bado iko mwilini?"

"Iko. Na hapa wanataka kumpa maziwa."

"Wasimpe kitu! Hawezi kumeza, yatamwingia mapafuni. Vaa glavu, umwoshe kwa sabuni na maji mengi, umfunike asishikwe na baridi. Halafu mlete, mama, pamoja na chupa ya dawa niisome. Kuosha hakutoshi. Sindano iko huku kwangu."

Aliposhuka, Kiambi alikuwa amelishika sikio.

"Mzee, achilia."

"Baba yangu alikata masikio ya mbwa wengi, na wakapona."

"Ukimkata huyu, nami nitakukata wewe. Chagua sikio."

Kiambi akacheka. Halafu akamtazama usoni, akakirudisha kisu mfukoni polepole.

Kathambi alimwaga maji, akasugua, akamwaga tena, mpaka ile harufu kali ikapungua. Kailemia alisimama mlangoni na kikombe chake, haji wala haendi.

"Sikujua," akasema. "Mama Linda, tutatafuta mwingine. Mbwa ni wengi."

"Huyo mwingine ataletwa na Mutwiri?"

Jina likaanguka pale uani.

Barabarani, Koome alikuwa akipakia waru zao kwenye pikapu yake azipeleke mjini. Alipomwona Kathambi akija na mbwa kwenye toroli, amefunikwa blanketi, akaanza kutikisa kichwa kabla hajaambiwa neno.

"Hapana, mama. Chakula cha watu na mbwa?"

"Waru hizo zimetoka shamba la nani?"

"Lenu."

"Basi teremsha gunia moja. Apande mahali pake."

"Sokoni watanicheka!"

"Waambie hiyo ni waru ya manyoya. Teremsha!"

Koome aliteremsha. Kathambi alikaa nyuma kati ya magunia, kichwa cha Meja mapajani, chupa ya dawa imefungwa kwenye kitambaa. Baridi ya mlima iliwapiga njia nzima. Mbwa alipumua kwa kukoroma, akinyamaza, akianza tena. Kila aliponyamaza, Kathambi alimwinamia na kumwambia kwa sauti, "Mutwiri anakuja. Haya, Mutwiri anakuja." Alijua ni uongo. Lakini sikio moja lilisimama kila mara, na masikio yote mawili yalikuwa mazima.

Beth aliisoma chupa, akadunga sindano, akangoja, akadunga nyingine. Mchana ukapita. Kutetemeka kukapungua, mate yakakauka, na jua lilipokuwa likishuka Meja akainua kichwa, akautazama mlango.

"Atalala hapa tumwangalie," Beth akasema. "Ila naona amekataa kufa. Niandike ni mbwa wa nani? Mama Linda?"

"Andika Mama Mutwiri."

Beth akasita, kalamu juu.

"Linda yuko," Kathambi akasema. "Na Mutwiri alikuwako. Sikuzaa mmoja."

Simu ikalia. Ni Kailemia. Kwanza ulisikika upepo tu, na ng'ombe akilia kwa mbali.

"Mama Linda."

Kathambi hakujibu.

"Mama Linda, unanisikia?"

Upepo tena.

"Mama Mutwiri," akasema, polepole, kama mtu anayetoa waru kwenye majivu ya moto kwa mkono mtupu.

"Nakusikia."

"Amekufa?"

"Hajafa. Osha uani kwa maji mengi, pale alipolala. Hilo bomba ulifungie mbali. Na jioni ukienda langoni usilifunge kwa mnyororo. Kesho tunarudi mimi na Meja."