Jina la Asukile

Jailos alikuwa ameinamisha ngoma juu ya moto wa majani makavu ya migomba, akiigonga kwa kidole kusikiliza kama ngozi imekaza, Sekela alipotokea na mkungu wa ndizi kichwani.

"Ugonile, kaka."

Jailos aliitikia salamu bila kumtazama.

Mwaka 1956, amri ilipotoka kwamba asiye na kipande, ile kadi ya kibali, asivuke mpaka wa Tunduma kwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya shaba, Jailos alitunga wimbo wa kuisuta. Ukashika moto kutoka Tukuyu hadi Mbeya. Na kwa kuwa wimbo wa ngoma hauishi bila kumtaja shujaa wake, jina na kijiji, yeye, kwa kulewa vigelegele, akamtaja Asukile, mume wa Sekela, aliyewavusha watu kwa njia za porini. Kana kwamba askari hawana masikio! Sasa Asukile alikuwa gerezani akiponda kokoto.

"Nasikia jina la mume wangu siku hizi unaliruka," Sekela alisema, akiutua mkungu.

"Dada, mimi ndiye niliyemfungisha. Miezi minne nataka kuja kukwambia, miguu inakataa."

"Najua. Askari waliomchukua walikuwa wanauimba wimbo wako njia nzima."

Harufu ya ngozi inayoungua ikamshtua. Akaivuta ngoma, doa jeusi lilikuwa limeshaingia pembeni.

"Nisamehe."

"Hilo utamwomba mwenyewe akitoka. Mimi nimekuja kucheza."

Alasiri uwanja ulijaa. Jailos aliimba vizuri, watu wakaruka, wakacheka walipofika kwenye ubeti wa bwana mkubwa anayewauliza ndege kipande. Kisha ubeti wa mwisho ukafika, wenye jina la Asukile, naye hakuutamka. Alipiga ngoma tupu. Watu walingoja; jina hutajwa na mwenye wimbo, hakuna anayemnyang'anya.

Pembeni, askari mmoja aliyevaa kaptura alikuwa akitikisa kichwa kwa kufuata mdundo.

Ndipo sauti moja ikapanda kutoka upande wa wanawake, ikalitaja jina la Asukile, na kijiji chake, na la baba yake pia. Alikuwa Sekela. Alimkazia macho Jailos, akisubiri aitikie.

Jailos aliinua mkono. Ulipotua, ulitua penye doa, na ngoma ikaitikia kwa sauti ya mtu aliyekesha akilia.