Sweta Lililopikwa

Begi lilikuwa limeachama juu ya kitanda, na ugomvi wote ulikuwa juu ya sweta.

"Mama, haliingii," alisema binti. "Nikilitia hili, nitaacha viatu."

"Viatu utavivaa."

"Na koti?"

"Utalivaa pia."

"Na suruali zote nizivae kwa pamoja? Nitapanda ndege au nitavingirishwa kama pipa?"

Shangazi yake, aliyekuwa ameketi pembeni akikunja soksi, alicheka mpaka soksi zikamdondoka.

Mtaani binti yule aliitwa Cheche, kwa kuwa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mama yake aliitwa Mama Dobi, kwa kuwa maisha yake yote alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Cheche alikuwa amefanya mtihani wa kuchomelea pamoja na wanaume waliomzidi umri na kelele, akawaacha mbali. Sasa karakana ya meli ya mji mmoja wa baridi, mji uliojengwa ukingoni mwa maji, ilikuwa imemwita akafanye kazi majira yote ya baridi.

Ni mji ambao baba yake aliwahi kuujua. Alikuwa mpishi wa meli, na kila aliporudi nyumbani alianza na habari za gati la huko, hata kabla hajavua viatu. "Upepo wa kule hauna adabu," alikuwa akisema. "Unaingia bila hodi, unakaa mfupani kama mwenye nyumba." Kisha alijipiga kifuani, juu ya sweta lake la sufu, bluu iliyokolea, zito kama blanketi. "Lakini huyu hapa, huyu humtoa nje."

Alipougua alilitundika sweta lile nyuma ya mlango wa chumba. Tangu azikwe, mwaka wa pili sasa, hakuna aliyeliondoa msumarini hadi siku ile ya kufunga begi.

Mama Dobi alitaka kitu kimoja tu: sweta lile lisimame tena kwenye gati lile, likiwa mwilini mwa mtoto wa mwenyewe. Hakusema hivyo. Alikuwa mtu wa kusema kwa mikono. Alilitia begini, Cheche akalitoa, mama akalitia tena.

"Basi ngoja nilijaribu," alisema Cheche, akalivaa.

Mikono ilimpita vidole ikaning'inia. Upindo ulimfika magotini.

"Hilo si sweta, ni hema," alisema shangazi. "Ukikosa chumba huko, ligongee vigingi ulale humo."

"Karakana hairuhusu nguo zinazopwaya, shangazi. Mashine itaudaka mkono mmoja, mimi nifuate mzima mzima." Alilivua polepole, akalilaza kitini kama mtu anayemlaza mtoto. "Si kwamba silitaki, mama."

"Najua."

"Halafu linanuka ukungu."

Neno hilo la mwisho lilimpa mama la kufanya. Ukungu aliuweza. Kama haliwezi kuvaliwa, alijisemea, angalau liende safi, mtoto ajifunike nalo usiku. Alilichukua, akatoka nalo uani.

Alilifua kama alivyofua kila kitu maishani mwake. Pipa lilikuwa juu ya moto, maji yanatokota. Alilitumbukiza sweta, akakatia sabuni ya mche, akashika mti wake wa kukorogea, akalisukuma chini, akalizungusha, akalipiga. Kisha akalitosa kwenye maji baridi ya beseni. Mashuka ya nyumba ya wageni yalitoka humo meupe pe, na wala hayakuwahi kulalamika.

Aliliinua. Lililotoka majini lilikuwa dogo, nene, limejikunyata, mikono imefupika kama ya sweta la mwanafunzi. Alilivuta. Halikunyooka. Alilivuta tena.

Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Alimkumbuka mumewe akiwa amechuchumaa pale pale uani, na beseni la maji baridi, akililoweka sweta na kulibinya taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kila alipotaka kumsaidia, alimwambia, "Hili niachie, mke wangu." Naye alidhani ni maringo ya kibaharia. Nguo za sufu zilikuwa hazijawahi kupita mikononi mwake. Alifua pamba tu, na pamba huipenda harara ya moto. Machozi yalimtoka yakadondokea kwenye povu.

Shangazi alitoka, akamkuta hivyo. Alimtazama wifi yake, akalitazama sweta, akashika kiuno.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimelifua."

"Hujalifua. Umempika kaka yangu!" Alilishika, akaligeuza huku na huku. "Maisha yake yote anawapikia wengine, leo kapikwa yeye."

Mama Dobi alitaka kukasirika. Badala yake kicheko kilimpasuka, kikubwa, kimechanganyika na kamasi, hata Cheche akachungulia dirishani kuona nani anacheka. Tangu mazishi hawakuwa wamekisikia kicheko hicho.

Jua la siku mbili ndilo lililolikausha. Asubuhi ya safari Cheche alilichukua kwenye kamba, akalipima kwa macho, akaingiza mikono. Mikono ya sweta ilifika mwanzo wa viganja, ikakoma hapo hapo. Kisha akajaribu kupitisha kichwa, kikakwama.

"Sioni!" sauti ilitoka ndani, kama ya mtu aliye kisimani. "Nitoeni, ndege haitaningoja!"

Mama Dobi alichukua mkasi.

"Usithubutu, wifi," alisema shangazi. "Sweta ni uzi. Ukikata shingo, litafumuka lote, utabaki na bonge la uzi mkononi. Hapo ndipo utakuwa umemmaliza kabisa."

Mkasi ulisimama hewani. Mama Dobi aliupapasa ukingo wa shingo kwa kidole gumba. Alijikaza kisabuni. Akakata, mzunguko mzima, pole pole, na kile kipande cha shingo kikamdondokea kiganjani. Kichwa cha Cheche kikachomoza, nywele zimesimama, uso umelowa jasho.

Wote watatu waliitazama shingo ile iliyokatwa, wakisubiri. Mama Dobi aliubana ukingo, akauvuta. Hakuna uzi uliotoka. Akauvuta kwa nguvu. Yale maji ya moto yalikuwa yamezishikanisha nyuzi zote, za juu na za chini, zikawa kitu kimoja. Sweta lilimkaa binti kama limekatwa kwa kipimo chake, mabega pale pale, kiuno pale pale, hakuna cha kupwaya.

Mama aliinama, akaweka mdomo kwenye mkono wa sweta, akapuliza kwa pumzi yake yote. Pumzi iligonga, ikamrudia usoni.

"Upepo haupiti," alisema. Akapuliza kifuani. "Haupiti! Wifi, njoo upulize."

Shangazi akaja akapuliza, mashavu yamevimba. "Haupiti!"

"Natokota!" alilia Cheche. "Nivueni jamani!"

Lilipokunjwa liliingia kati ya viatu na koti, na zipu ikazunguka yenyewe, bila mtu kukalia begi.

Simu ilipigwa wiki iliyofuata, mchana, mama akiwa kwenye pipa lake. Aliufuta mkono kwa khanga, akaipokea, na shangazi akasogeza sikio.

"Niko gatini, mama. Maji ya ukingoni yameganda, unaweza kuyagonga. Wenzangu wanatetemeka, meno yanapiga ngoma. Msimamizi ameniuliza sweta hili nimelinunua wapi."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia halinunuliwi. Linapikwa."

Shangazi alipiga kigelegele, dirisha la jirani likafunguka. Mama Dobi alimnyamazisha kwa mkono.

"Na upepo je?"

"Umekuja, mama. Umepiga hodi, umezunguka mwili mzima ukitafuta mlango. Nimeunyamazia. Umeenda zake."

Mama Dobi aliingia chumbani, simu ikiwa bado sikioni. Nyuma ya mlango, kwenye msumari ule ule, kilining'inia kipande cha shingo ya sweta. Alikiwekea kiganja.

"Baba Cheche," alisema, "umesikia? Upepo umepiga hodi."