Neno la Kumwambia Mama Mkwe

Niliota jana usiku kwamba maji yananipima mimi.

Kazi yangu ni kupima maji, kwa hiyo sikushangaa. Nililala na mzigo moyoni: kisima cha mama mkwe wangu kule milimani kimekutwa na vijidudu vya kinyesi, na asubuhi ilinipasa kumwambia akifunge kabla watoto wa kijiji hawajaugua. Sasa neno hilo nitalitamkaje mbele ya mama mkwe? Mbele yake hata nikipiga chafya naomba radhi.

Ghafla niko maabara, nimewekwa mezani. Chupa ya sampuli imevaa koti langu jeupe, na limeikaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi.

"Kisima kina nini?" inauliza.

"Kuna changamoto ndogo ya kitaalamu," nasema.

Chupa inayamwaga maneno yangu kwenye sinki. "Ya mwanzo hayapimwi. Bomba huachwa litiririke kwanza. Si wewe unayefundisha wenzako?"

Natiririka. Natoa "viashiria", natoa "vimelea", natoa "hali isiyoridhisha". Vyote sinkini. Sinki linacheua.

"Na mdomo wa bomba huchomwa," sinki linakumbusha, "kuua uchafu wa nje."

Chupa inawasha pamba yenye spiriti. Najitetea kwamba mimi si bomba.

"Bomba lina faida," inajibu, na kunipitishia moto midomoni.

Maabara inakuwa sebule ya mama mkwe. Amekaa kwenye kigoda, kanga mabegani. Mimi, mtaalamu mzima, najificha nyuma ya chupa. Chupa yenyewe ni ya kioo, kwa hiyo ananiona vizuri sana.

"Sema, baba," anasema.

"Kinyesi, mama."

Likishatoka la kwanza, mengine yanafuata bila breki. Kinyesi, kinyesi, kinyesi, mpaka chupa inajaa, inajifunga kifuniko na kusema, "Hii sasa inapimika."

Niliamka nikiona haya. Mke wangu, Nakijwa, alikuwa ananitazama.

"Umekula mkaa?" aliuliza.

Nilijipangusa midomo, vidole vikatoka na masizi. Simu nayo ikalia kando ya mto. Ulikuwa ujumbe wa mama yake.

"Baba, nimekusikia. Kisima nimekifunga, watu wanachemsha maji ya mtoni. Ila kusema mara moja kungetosha."