Uhandisi wa Kiraia

Baba mdogo Leonardi alitaka kuninyang'anya shamba kwa neno moja, na neno lenyewe hajui maana yake.

Neno hilo lilianzia kanisani. Nilipopata nafasi ya kwenda Poland kusoma shahada ya kwanza, mama aliomba misa ya shukrani, na katekista Christopha akapewa kazi ya kutangaza. Christopha hawezi kusema jambo dogo kwa maneno madogo. Angesema tu nakwenda kusomea ujenzi wa barabara na madaraja, kila mtu kijijini kwetu Pito angeelewa, mpaka na mbuzi. Lakini wapi! Alichukua simu yake ikamtafsirie "civil engineering", kisha akasimama mbele ya waumini, kifua mbele, akatangaza kwamba Luciana, binti wa marehemu Timoth, anakwenda Ulaya kuchukua uhandisi wa kiraia.

Akina mama wakapiga vigelegele. Baba mdogo yeye alisikia "kuchukua" na "kiraia", akaondoka na hayo mawili. Uhandisi aliuacha palepale kwenye benchi.

Sasa nimemaliza mwaka wa tatu, nimerudi likizo, nikakuta ameshaitisha kikao cha ukoo. Hoja yake ni hii: Luciana amechukua uraia wa nje. Mgeni hamiliki ardhi Tanzania. Kwa hiyo shamba aliloachiwa na baba yake, lile ambalo mama yangu analima mahindi na ulezi, lirudi kwa wanaume wa ukoo. Wanaume wa ukoo maana yake ni yeye.

Nilimfuata kwake nikamweleza kwamba kiraia hapo maana yake ni ujenzi wa watu wa kawaida, usio wa kijeshi.

"Kiraia, uraia," akasema, "tofauti iko wapi? Herufi mbili?"

Nikamwonyesha pasipoti yangu ya Tanzania. Akaigeuzageuza kama mtu anayekagua nyama buchani.

"Hii ni hati ya kusafiria tu. Imeandikwa hapa. Ile ya kukaa umeificha."

Na mtu huyohuyo, bila haya, akanisindikiza mpaka barabarani akinikumbusha ramani yake! Maana baba mdogo anajenga nyumba ya wageni mjini Sumbawanga, ghorofa tatu, na ameshatangaza kila baa kwamba hatamlipa mhandisi yeyote. Mtoto wa kaka yake ni injinia wa Ulaya, atachora na kusaini bure.

Nilirudi nyumbani nacheka. Nikamkuta mama anapukuchua mahindi, nikakaa kumsaidia, nikaanza kumwigizia shemeji yake. Mama hakucheka.

"Luciana mwanangu, kama ni kweli, niambie tu. Sitakasirika. Nataka nijue mwakani nitalima wapi."

"Mama! Hata wewe?"

"Si walitangaza kanisani?"

Hasira niliyopata hapo sijawahi kuipata. Miaka mitatu kule napanga foleni uhamiaji, napigwa picha, natoa alama za vidole, ili nikubaliwe kukaa mwaka mmoja zaidi. Darasani kuna kijana aliniuliza kama kwetu kuna barabara, nikamwambia hakuna, tunaruka. Wapolandi wenyewe hawajaniota hata ndotoni kuwa mwenzao, halafu baba mdogo, ambaye hajavuka hata Tunduma, ananipa uraia wao akiwa amekaa Pito. Na mama yangu halali kwa ajili yake.

Kikao kilifanyika kwa babu Vicent, kaka wa marehemu babu yangu, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye ukoo wetu. Baba mdogo alikuja na suti. Alianza na "kwa masikitiko makubwa", akajifuta macho yaliyokuwa makavu kabisa, akaeleza jinsi ukoo ulivyompoteza binti yake kwa wazungu. Nilimwacha amalize. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kwenye mkeka.

"Shikamoo babu," nikasema. "Naomba kuuliza swali moja. Kama mimi ni mgeni, ghorofa la baba mdogo nitalichoraje? Mgeni hafanyi kazi nchini bila kibali. Nikimchorea tutakamatwa wote wawili."

Shangazi Hellena alicheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Babu akamgeukia baba mdogo.

"Leonardi, huyu mtoto ni wa wapi? Sema moja tumalize."

Baba mdogo alinitazama, akatazama dari, akarudi kwangu. Jasho lilimtoka na baridi yote ile ya Julai. Ghorofa tatu zilikuwa zinapigana na shamba la ulezi usoni pake, na ghorofa zikashinda.

"Ni wetu," akasema. "Kazaliwa hapahapa Pito. Anabatizwa mimi nilikuwepo."

"Na huo uraia?"

"Aah, mambo ya simu ya Christopha hayo."

"Basi shamba ni la Luciana, na mama yake ataendelea kulilima. Nisisikie mtu analitaja tena."

Wote wakaitikia, na baba mdogo akaitikia kwa sauti kuliko wote. Mama aliinua kichwa akashusha pumzi ndefu. Nilitaka kumkumbatia palepale mbele ya wazee, lakini baba mdogo alikuwa ameshafika, ameniwekea mkono begani, sauti imejaa asali.

"Sasa mwanangu, ramani tunaanza lini? Mafundi wanasubiri sahihi yako tu."

"Sahihi gani, baba mdogo?" nikamwuliza, kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka nje. "Mimi ni mwanafunzi. Mwanafunzi hasaini hata banda la kuku."